Programu ya sauti: usiniulize ipi kali, niulize ufunguo anao nani

Najua nimeadimika. Chumba cha habari kimenimeza, na nikirudi nyumbani Tabata usiku nakuta umeme nao umeenda zake. Leo nimepata upenyo, basi tuzungumze jambo ambalo kila wiki naulizwa na angalau mtu mmoja: "Kaka, nataka kuanza kurekodi nyumbani. Niweke programu gani kwenye kompyuta?"

Wanaouliza ni wa kila aina. Yupo anayetaka kurekodi nyimbo zake, yupo anayetaka kuanzisha podikasti ya mambo ya mapenzi (Mungu amsaidie), yupo dada mmoja mwalimu anayetaka kuwasomea watoto hadithi. Wote wanatarajia nitaje jina moja, nao waende zao. Nami kila mara nawajibu kwa hadithi ya babu yangu. Wengine huchoka kabla sijafika katikati. Wewe nivumilie.

Babu alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa kijana mdogo pale Tabora, pale ambapo Reli ya Kati inagawanyika, tawi moja kwenda Kigoma na jingine Mwanza. Alifanya kazi enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, akaona Jumuiya inavunjika mwaka 1977, akaendelea na shirika la Tanzania hadi alipostaafu. Kichwani alikuwa na maktaba. Desemba 2022, nikiwa likizo, nilikaa naye siku tatu nikarekodi. Nia yangu ilikuwa kutengeneza kipindi cha saa moja hivi: sauti yake, maswali yangu, honi na magurudumu ya treni niliyoyarekodi stesheni, na muziki kidogo wa dansi kwa mbali.

Kwa kazi ya namna hiyo ndipo unapohitaji programu ya treki nyingi. Kwa asiyejua, maana yake ni hii: kila sauti inakaa kwenye mstari wake. Babu ana treki yake, mimi yangu, treni yake, muziki wake. Nikikohoa wakati babu anazungumza, nakata kikohozi kwenye treki yangu na neno la babu halidhuriki. Muziki ukizidi, naushusha wenyewe. Ukiweka kila kitu kwenye mstari mmoja umeshapika pilau: huwezi tena kurudisha mchele kwenye gunia.

Sasa mimi, msomi mzima mwenye shahada, nilifanya nini? Nilifanya kama wenzangu. Nilichukua flashi kwa jamaa mmoja, ndani yake mna programu ya bei mbaya iliyochakachuliwa, na karatasi ya maelekezo: zima kwanza programu ya kuzuia virusi, bofya hapa, bandika namba hii, usiunganishe na intaneti. Nikafuata yote kama daktari kaniandikia. Ikafunguka. Nikajiona prodyuza.

Siku mbili za kwanza nilirekodi kwa kinasa sauti cha mkononi, sauti zikabaki pia kwenye kadi yake. Siku ya tatu betri zilikuwa hoi, nikarekodi moja kwa moja kwenye laptopu, ndani ya programu ile. Siku hiyo ndiyo babu alisimulia ule mwaka 1977: mpaka wa Kenya ulivyofungwa Februari, na wao wafanyakazi walivyokaa kwenye vibaraza vya stesheni wakiulizana mshahara sasa utatoka wapi, ilhali makao makuu ya shirika yako Nairobi.

Machi 2023 mashine ikajaa virusi. Fundi akasema hamna namna, tufute kila kitu tuanze upya. Tukahamisha mafaili kwanza. Nilipoweka tena programu, toleo jingine la wizi kwa sababu lile la kwanza sikulipata, ikakataa kufungua mradi wangu. Mafaili ya sauti ya siku ya tatu nayo yalikuwa yameharibika. Nimpigie nani simu? Ningesemaje? "Halo, mimi ndiye niliyewaibia, naomba msaada"? Programu hiyo siitaji jina, maana kosa halikuwa la waliyoitengeneza. Lilikuwa langu.

Nikasema si neno, nitarudi Tabora mwezi wa sita, nimwombe mzee anisimulie upya. Mei akafariki.

Ndiyo maana ukiniuliza programu ipi kali nakuona kama mtu anayenunua nyumba kwa kuangalia rangi ya ukuta. Swali la kwanza ni ufunguo anao nani. Leo ukiitengeneza kazi yako, kesho nani anaweza kukuzuia usiifungue?

Tuzitazame kwa jicho hilo.

Zipo zile za kulipia kila mwezi. Adobe Audition ndiyo maarufu zaidi redioni. Wakongwe wanaikumbuka kwa jina la Cool Edit Pro, kabla Adobe haijainunua kutoka kwa Syntrillium mwaka 2003. Kazi inaifanya vizuri, sina ubishi. Lakini unalipa zaidi ya dola 20 kwa mwezi, kila mwezi, na mwezi usiolipa mlango unafungwa. Kama una ajira na ofisi inalipa, tumia tu. Kwa kijana anayerekodi chumbani huku anadaiwa kodi ya nyumba, hiyo ni ndoa ya mahari isiyokwisha.

Zipo zinazotolewa bure na kampuni. GarageBand ya Apple ni nzuri sana, ila lazima uwe na kompyuta ya Mac au simu ya iPhone, na wengi wetu hatuna. Pro Tools, ambayo studio kubwa za dunia zimeitumia tangu miaka ya tisini, tangu 2022 ina toleo la bure liitwalo Intro, lenye treki 8 za sauti. Treki 8 zinatosha sana kwa kuanzia. Ila kumbuka bure ya kampuni ni fadhila, na mfadhili hubadili mawazo. Watu wa Cakewalk wanajua. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusimamisha kuitengeneza programu hiyo ya SONAR, na waliokuwa wameilipia wakabaki wanatazamana. Mwaka uliofuata BandLab wakainunua na kuitoa bure, watu wakashangilia. Baadaye BandLab nao wakageuza mpango, wakaleta toleo jingine. Simlaumu mtu, biashara ni biashara. Nasema tu kwamba hapo ufunguo haukuwa wa mtumiaji hata siku moja.

FL Studio, iliyoanza kwa jina la FruityLoops mwaka 1997, ni mpenzi wa watengeneza mabiti hapa mjini. Ukiinunua, matoleo mapya unapewa bure maisha. Hilo ni jambo la haki na ningependa wengine waige. Lakini imejengwa kwa ajili ya kupanga mabiti, si kukata mazungumzo ya mzee wa miaka themanini. Na toleo lake la kujaribu linakuruhusu kuhifadhi kazi, ila ukitaka kuifungua tena mradi wenyewe lazima uwe umenunua. Jua hilo kabla hujakesha.

Sasa tuje kwa Audacity. Hii ilianzia chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na umma ukaipata mwaka 2000. Ni bure, na zaidi ya bure ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma, kuubadili. Tofauti hii watu wengi hawaioni. Mwaka 2021 Audacity ilichukuliwa na Muse Group, na muda si mrefu kukazuka zogo kuhusu taarifa za watumiaji zitakazokusanywa. Watu walikasirika mpaka wengine wakachukua msimbo na kuanzisha matoleo yao. Wenye programu wakarekebisha maneno yao. Je, hayo yangewezekana kwa programu iliyofungwa? Hapo ndipo unaona faida ya ufunguo kuwa mikononi mwa wengi.

Sisi Waswahili tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 2004, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Lakini nisiwadanganye, Audacity ina udhaifu wake. Kwa miaka mingi kila ulichokifanya kiliibadili sauti yenyewe papo hapo. Ukiongeza mwangwi, mwangwi umeingia. Ukifunga programu na kulala, kesho hakuna kurudi nyuma. Toleo la 3.2 la mwaka 2022 lilileta uwezo wa kuweka madoido yanayofanya kazi wakati unasikiliza, bila kugusa sauti ya asili, na mambo yamekuwa afadhali mno. Hata hivyo treki zikiongezeka na mikato ikiwa mingi, bado naona inanichosha. Kwa kusafisha sauti, kukata mahojiano, kurekodi hadithi za watoto, inatosha na inabaki. Yule dada mwalimu nilimwekea hiyo, na yuko salama.

Mimi mwenyewe nimeishia kwa Reaper. Mnamkumbuka Winamp? Ile ya kupigia nyimbo kwenye kompyuta za intaneti kafe? Aliyeitengeneza mwaka 1997, Justin Frankel, ndiye aliyekuja kuianzisha Reaper, na toleo la kwanza kamili likatoka 2006. Si programu huria, nikiri. Inauzwa. Lakini tazama namna inavyouzwa. Unaipakua nzima, haijapunguzwa kitu, unaijaribu siku 60. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kama shilingi laki moja na nusu, unalipa mara moja, na leseni hiyo inakuvusha mpaka mwisho wa toleo kubwa linalofuata. Siku 60 zikipita haijifungi. Inakukumbusha tu kila ukiifungua kwamba hujalipa, kama mama mwenye duka anayekuuliza kwa upole, "mwanangu, lile deni vipi?" Mimi ulipita mwezi wa tatu nikaona aibu, nikalipa.

Ni nyepesi pia. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na laptopu yangu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 haijawahi kulalamika. Kilichoniteka kabisa ni hiki: faili la mradi wake ni maandishi ya kawaida. Ukilifungua kwa Notepad unaona majina ya treki, mahali ulipokata, faili lipi limeanza sekunde ya ngapi. Hata Reaper ikifa kesho, mtu mwenye subira anaweza kusoma na kuipanga kazi upya. Kwa mtu aliyeungua kama mimi, hilo peke yake lina thamani ya dola 60.

Najua kuna atakayesema: "Acha kuhubiri bwana. Muziki wa kizazi kipya umelelewa na programu za flashi. Mngesubiri leseni mngekuwa bado mnaimba bafuni." Hoja hii siipuuzi. Rafiki yangu prodyuza wa Sinza ameniambia hivyo hivyo mara kumi. Ni kweli kwamba bei za kampuni hizi ziliwekwa na watu wasiojua mshahara wa Dar. Ni kweli wengi wetu tulijifunzia huko. Lakini ninamuuliza: nyimbo zako za zamani unaweza kuzifungua? Anacheka kwa uchungu. Anazo zikiwa MP3, treki zenyewe hana. Msanii wake mmoja alitaka kuirudia nyimbo ya zamani kwa mpangilio mpya, ikabidi waanze sifuri. Na kuna jambo jingine. Sisi tunaopiga kelele kila siku kwamba nyimbo zetu zinaibwa, kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haitekelezwi, tunazitengenezea nyimbo hizo kwa kitu cha wizi. Ukiwa na hoja, usiipige mwereka mwenyewe. Zamani udhuru ulikuwepo. Leo zipo za bure za halali, udhuru umekwisha.

Kabla hujapakua chochote, hesabu hizi mbili zitakusaidia kuliko jina la programu.

Ya kwanza ni nafasi. Ukirekodi treki moja ya mono kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, saa moja inakula kama MB 520. Treki nne kwa saa moja ni kama GB 2. Kwa hiyo nunua diski ya nje kabla hujanunua hedifoni za mbwembwe. Sauti ya asili iwe na nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Mimi sikuwa nayo hata moja ya ile siku ya tatu.

Ya pili ni ucheleweshaji. Ukiimba huku unajisikia hedifoni na sauti yako inakujia imechelewa, programu si mbovu. Kompyuta inakusanya sampuli kwenye kapu kabla ya kuzipitisha. Kapu la sampuli 1,024 linachelewesha kama sehemu 21 za elfu za sekunde, nawe utalisikia. Punguza mpaka 256, inabaki kama 5 tu. Wakati wa kuhariri lirudishe kubwa ili mashine ipumue. Rekebisho hili lipo karibu kila programu, na limewaokoa wengi waliokuwa tayari kununua laptopu mpya.

Na tafadhali, tusiabudu wingi wa treki. Beatles walirekodi Sgt. Pepper iliyotoka 1967 kwa mashine za treki nne. Hapa kwetu NUTA Jazz na wenzao walirekodiwa studio za RTD, ambayo leo ni TBC, bendi nzima imekaa pamoja na vifaa vichache, na mpaka leo zikipigwa wazee wanasimama. Wewe una treki zisizo na idadi na feni inavuma nyuma ya sauti yako. Zima feni kwanza. Tundika blanketi ukutani. Hiyo haina leseni.

Kwa hiyo jibu langu, kwa wale waliokuwa wanasubiri jina: ukianza kabisa, au kazi yako ni sauti moja mbili, chukua Audacity. Ukitaka kupanga sauti nyingi na huna mpango wa kulipa kila mwezi, jaribu Reaper, na ikikufaa ilipie. Ukilipiwa na ofisi, tumia cha ofisi, lakini kila kazi ikiisha toa kila treki kama WAV, nzima kuanzia sekunde ya kwanza, uziweke kwenye folda moja. WAV inafunguliwa na kila programu niliyoitaja hapa. Huo ndio ufunguo wa akiba, na haukugharimu chochote.

Kipindi cha babu nilikimaliza mwaka jana. Kina dakika 41, siyo 60 nilizopanga. Zile za mwaka 1977 hazimo kwa sauti yake. Nilikuwa nimeandika mambo makuu kwenye daftari wakati anasimulia, mazoea tu ya kazi, basi sehemu hiyo nimeisoma mimi. Mama aliposikiliza alinyamaza mpaka pale, akaniuliza, "Mbona hapa baba hasemi mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli. Sasa na nyinyi mnajua. Kama una mzee nyumbani, nenda karekodi Jumamosi hii, hata kwa simu. Programu utaichagua Jumapili.

Wasalaam.